Kiti Gani?

Mwambie mtu yeyote pale sokoni Uriri kwamba binti yako anasomea sayansi ya siasa chuo kikuu, na swali litakufikia kabla hujameza mate: "Anataka kiti gani? Cha MCA kwenye kaunti au cha bunge?" Ukijibu kwamba hana haja ya kiti, utatazamwa kwa huruma, kama mtu aliyeuza ng'ombe akanunua filimbi. Kozi ni ya wanasiasa, wanasema. Asiyegombea amepoteza karo.

Imani hiyo ni potofu, na mashahidi wa kwanza ni wanasiasa wenyewe. William Ruto alisomea botania na zuolojia. Marehemu Raila Odinga, aliyeshika siasa za Nyanza kwa miongo kadhaa, alikuwa mhandisi. Daniel arap Moi, aliyetawala miaka 24, alitoka darasani akiwa mwalimu. Kweli, Uhuru Kenyatta alisomea fani hii Amherst, Marekani, lakini nani atadai kwamba ni cheti hicho kilichompeleka Ikulu? Kugombea hakutaki kozi hii. Kunataka pesa, chama, ukoo na koo lisilokauka.

Sasa mtazame msomi Ali Mazrui wa Mombasa. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilimkataa akiwa kijana kwa sababu ya alama zake za shule. Baadaye akaja kuongoza idara ya sayansi ya siasa pale pale. Hakuishi kwa kura za mtu. Kazi yake ilikuwa kueleza kwa nini watawala hufanya wanayoyafanya, na enzi za Idi Amin ilimbidi aondoke Uganda.

Fani hii, basi, haimfundishi mtu kutawala. Inamfundisha kumsoma anayetawala. Na Uriri ina njaa ya wasomaji wa aina hiyo. Mkulima wa miwa wa Kanyamkago anaujua udongo wake na anajua muwa umekomaa lini. Lakini mwaka 2025 serikali ilipokikodisha kiwanda cha sukari cha Sony kule Awendo kwa mwekezaji binafsi kwa miaka 30, nani alimweleza uamuzi ulipitia mikono ya nani, kwa sheria ipi, na yeye alikuwa na nafasi gani ya kupinga? Mtoto aliyezaliwa mwaka huo atakuwa na watoto wake kabla mkataba haujaisha.

Au chukua bajeti. Kifungu cha 201 cha Katiba ya 2010 kinataka wananchi washirikishwe katika fedha za umma, na sheria inataka makadirio ya kaunti yawe yamefika bungeni kufikia Aprili 30. Lakini mara ngapi mwananchi huitwa kutoa maoni, akawekewa mbele kitabu kinene cha Kiingereza na chupa ya soda? Anasema barabara yao ni mbovu, anapigiwa makofi, anarudi nyumbani. Aliyefundishwa kukisoma kitabu kile angeuliza: barabara hii ilitengewa pesa mwaka jana, ziko wapi?

Kuhusu ajira, sitamdanganya mzazi. Hakuna tangazo la kazi linalosema "anatafutwa mwanasayansi wa siasa". Mwanafunzi atakayemkariri Plato na kukimbia takwimu atarudi kijijini na joho, na deni la mkopo wa masomo wa HELB litamfuata. Lakini tuna kaunti 47, na kila moja ina bunge linalohitaji makarani na watafiti, ina wasimamizi wa wadi, ina ofisi ya bajeti. Kuna tume ya uchaguzi, balozi, vyumba vya habari, mashirika ya kiraia. Anayejua sheria inavyotungwa na shilingi inavyogawanywa ana pa kubisha hodi.

Tena imani hii, kwamba kozi ni ya wanasiasa, ina wenyewe. Ikiwa ujuzi wa serikali ni wa wagombea tu, basi kila anayeuliza swali ni mgombea. Ndiyo maana ukisimama barazani kuulizia zahanati isiyo na dawa, hujibiwi habari ya dawa. Unaambiwa, "Kama unataka kiti, sema."

Kwa hiyo binti yako akiulizwa tena sokoni anataka kiti gani, asione haya. Ajibu: kile cha plastiki, safu ya mbele, siku ya kusomwa bajeti.