Haki ya ukaazi isiyumbishwe

Wanaotaka wahamiaji wanyang'anywe ukaazi wa kudumu waitazame kwanza Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walifyeka mapori hayo, wakalima mahindi na tumbaku. Serikali ya Tanzania ilikubali kuwapa uraia, kisha vyeti vikakwama kwa sharti la kuhamia mikoa mingine. Takriban watu 162,000 walisubiri hadi mwaka 2014. Katika hali hiyo, nani angepanda mwembe au kujenga ghala? Asiyejua atavuna wapi hulima cha msimu mmoja, na halmashauri hukosa ushuru. Mhalifu ashtakiwe peke yake. Anayetaka kukaza masharti ayakaze kwa waombaji wapya, si kwa waliokwisha kukubaliwa.