Damu kwa Choo Si Bawasiri Hadi Daktari Aseme

Wasee, leo tunaongea kuhusu choo. Kama unakula, maliza smokie yako kwanza, halafu urudi.

Anko wangu wa Nkubu ana miaka 39. Mwaka mzima alikuwa anaona damu akienda haja kubwa. Kliniki moja, siitaji, ikamwambia ni bawasiri, akapewa mafuta ya kupaka. Akarudi, akapewa dawa ya amiba. Akarudi tena, wakasema ni vidonda vya tumbo. Hakuna siku hata moja mtu alivaa glavu akampima. Na tuseme ukweli, yeye mwenyewe hangekubali. Mwanaume Mmeru avue suruali aangaliwe huko nyuma? Alisema afadhali afe. Manze, karibu afe kweli. Siku walipomwingiza kamera, kansa ya utumbo mpana ilikuwa imeshafika kwa ini.

Ameniruhusu niandike haya, ila jina lake nisiweke.

Sasa sikia kinachoniudhi. Ukitaja kansa huku kwetu, kuanzia Maua hadi Runyenjes, kila mtu anageuka profesa. Ni dawa za kunyunyizia miraa. Ni mbolea. Ni kurogwa. Sawa, hizo dawa zichunguzwe na wakulima wajikinge, sipingi. Lakini kulaumu miraa hakujawahi kumwonyesha mtu uvimbe ulio tumboni mwake. Kupimwa ndiko kunaonyesha.

Na hii kansa inatupa muda. Mara nyingi inaanza kama kinyama kidogo kwa ukuta wa utumbo, na kinaweza kuchukua miaka kama 10 kabla kigeuke kansa. Daktari akikiona kwa kolonoskopi, ile kamera nyembamba, mara nyingi anakitoa hapo hapo. Kansa ambayo ingekuja haiji tena. Na kuna kipimo rahisi zaidi kinaitwa FIT: unachukua choo kidogo kwa kijiti, maabara inatafuta damu ambayo macho hayaoni. Huvui nguo mbele ya mtu. Damu ikipatikana, ndio unaenda kamera.

Miongozo ya Wizara ya Afya ya 2018 inasema watu waanze kupimwa wakifika 45, hata kama hawaumwi. Mathe wako ana miaka mingapi? Amepimwa? Nilimuuliza wangu, akacheka, akaniambia nikaoshe vyombo.

Wewe unasema uko 22, hii haikuhusu. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliuawa na hii kansa Julai 2019 akiwa na miaka 41. Chadwick Boseman, yule wa Black Panther, alikufa nayo 2020 akiwa na 43. Hakuna kati yao aliyefika 45. Kwa hivyo ukiona damu, choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, ukikonda bila sababu au ukiambiwa damu imepungua na hujui kwa nini, nenda kwa daktari hata kama uko 20. Na kama mzazi au ndugu yako aliwahi kuugua, sema mapema. Wewe unafaa kuanza kupimwa kabla ya wenzako.

Ikishikwa mapema, mara nyingi upasuaji unatosha. Ikifika kwa tezi, kemo inaongezwa. Ikiwa chini kabisa, karibu na njia ya haja, mara nyingi mionzi na kemo hutangulia ili uvimbe upungue ndio ukatwe. Wengine wanawekewa mfuko tumboni wa kupokea choo, wa muda au wa kudumu. Anko anao. Anavaa shati juu yake na anaenda soko kama kawaida. Hata ikishasambaa matibabu yapo, lakini kupona kunakuwa kugumu na pesa zinaenda. SHA ilipoanza Oktoba 2024, familia iliwekewa hadi shilingi 550,000 kwa mwaka za kansa. Si kidogo, lakini matibabu marefu yanaweza kuzimaliza, halafu ndio tunaona kikundi kipya cha mchango kwa WhatsApp.

Kaunti za Meru na Embu, nisikizeni. Kambi za kupima matiti na mlango wa kizazi tumeziona, asanteni. Utumbo je? Wahudumu wa afya ya jamii tayari wanaenda nyumba kwa nyumba wakipima presha na sukari. Waongezeeni FIT. Na wazee wa Njuri Ncheke, kwa heshima zote: mmoja wenu akisimama hadharani aseme alipimwa, wanaume wengi watamfuata.

Nyinyi wengine, leo jioni muulize buda kama amewahi kuona damu kwa choo. Atakufokea. Muulize tena kesho.