Haraka na Kazi: Magari Mawili ya Umeme Yakipimwa kutoka Gando

Mwanafunzi wa Gando, kaskazini-magharibi ya Pemba, akiulizwa ni lipi bora kati ya magari mawili ya umeme ya kiwanda cha Tesla, Model S Plaid na Model 3 Performance, aghalabu atalitaja lile lenye mbio zaidi. Hilo ni jibu la mshabiki. Mwanasayansi hana budi kuanza na swali jingine: ni kitu gani hasa kinachopimwa?

Kwa hesabu za mtengenezaji, gari la Plaid, lenye mota tatu, hutoka katika hali ya kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa katika sekunde 2.1. Lile la Performance la mwaka 2024, lenye mota mbili, huchukua sekunde 3.1. Tungamo la gari la kwanza ni karibu kilo 2,160, na la pili kilo 1,850. Wanafunzi na wakokotoe nishati ya mwendo, yaani nusu ya tungamo mara mraba wa mita 27.8 kwa sekunde. Watapata yapata kilojuli 833 kwa la kwanza na 714 kwa la pili. Kazi zenyewe, basi, hazikupitana sana. Kilichopitana ni uwezo, yaani kazi ifanyikayo katika kila sekunde: wastani wa kilowati 397 kwa moja na 230 kwa jingine. Anunuaye gari la kwanza hununua, zaidi ya yote, sekunde moja.

Haraka ina gharama yake. Mwaka 2010 waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga ulianza kuleta umeme Pemba, badala ya kutegemea majenereta ya dizeli. Ulikusudiwa kubeba megawati 20. Kila moja ya magari haya yaweza kupokea hadi kilowati 250 katika kituo cha kuchajia kwa haraka. Magari 80 yakichajiwa pamoja kwa kima hicho yangemeza megawati zote 20, pasibakie kitu kwa hospitali, pampu za maji wala taa za skuli.

Lakini gari hilo hilo likienda kilomita 30 kwa siku, kwa matumizi ya yapata kilowati-saa 0.2 kwa kila kilomita, huhitaji kilowati-saa 6 tu. Likichajiwa polepole kwa saa 10 za usiku, litachukua wati 600, chini ya pasi moja ya umeme.

Ni makosa, basi, kudhani kwamba gari la umeme halikifai kisiwa kidogo. Kisichofaa ni kipimo cha uwanja wa mashindano. Mwalimu wa fizikia yampasa kumzoeza mwanafunzi kuuliza, mbele ya kila chombo kipya: kazi gani, kwa muda gani, na kwa umeme wa nani?