Kitanda cha Mgonjwa Hakina Mlango

BARAZANI na Rehema Mbwambo

Mwaka jana nilimuuguza shangazi yangu kwa wiki saba katika hospitali moja ya hapa Dar es Salaam. Aliletwa kwa rufaa kutoka Same, saratani ikiwa imeshasambaa. Shangazi na baba yangu ni baba mmoja mama mmoja, ila kama ilivyo kwa familia nyingi za Upareni, baba alibaki Mlutheri na dada yake akaolewa, akasilimu, akawa Muislamu wa sala tano. Hilo halikuwahi kututenganisha. Idi tulikula kwake. Krismasi alikula kwetu, na kuku alichinjwa na mumewe ili sote tuweze kula.

Siku ya nne wodini, saa za kuona wagonjwa, waliingia watu watatu wenye Biblia mikononi. Walianzia kitanda cha kwanza wakawa wanasogea kimoja baada ya kingine, bila kumuuliza mtu jina lake. Walipofika kwa shangazi, mmoja alimwekea mkono kwenye paji la uso na kuanza kulikemea pepo la saratani kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye korido. Mtandio ukamteleza hadi shingoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa na dripu, wa kushoto ulikuwa chini ya kanga umeshika tasbihi, na hakuwa na nguvu ya kuuvuta mtandio urudi mahali pake. Mimi nilikuwa nimetumwa duka la dawa. Nilirudi nikakuta "Amina" ya mwisho.

Shangazi hakumlaumu mtu. Aliomba nimfunike kichwa, kisha akasema taratibu: "Rehema, kumbe ukishalala hapa huna hata mlango wa kufunga."

Neno hilo sijaweza kuliweka chini hadi leo. Mtu wa kwetu, awe tajiri au maskini, hata nyumba yake ikiwa ya makuti, ana haki moja isiyohitaji hati: anayekuja kwake atabisha hodi. Atabisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na asipoitikiwa atarudi alikotoka. Hodi inampa mwenye nyumba nafasi ya kujifunga kanga vizuri, kufuta machozi, kunyamaza na kujifanya hayupo. Mgonjwa hupoteza mengi akivuka geti la hospitali, lakini sikuwahi kufikiri kwamba hata hodi huiacha getini pamoja na viatu vyake.

Wiki ile ile nilimwona mtu aliyemrudishia shangazi hodi yake. Ni mzee mmoja, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, anayejitolea wodini siku tatu kwa wiki. Alisimama miguuni pa kitanda, akaangalia pembeni na kusema, "Hodi hapa, dada." Akasubiri. Nilimwona shangazi akijitahidi kuweka mtandio sawa. Ilichukua muda, na mzee hakugeuka hadi aliposikia "Karibu." Hakuuliza dini. Aliuliza kama anaweza kukaa, akavuta kigoda, akauliza usiku ulikuwaje. Shangazi akamwambia ulikuwa mrefu, na kinachomuumiza kuliko tumbo ni kwamba hasali. Hajui kibla kiko wapi, na wauguzi wamemkataza kulowesha mkono wenye sindano.

Mzee hakuhubiri. Alifungua mfuko wake akatoa jiwe safi lililofungwa kwenye kitambaa, la kutayamamu. Kisha akanyoosha mkono kuelekea dirishani: "Hapa Dar es Salaam kibla ni kaskazini, dada. Ukiwa umeelekea sawasawa, bahari iko mkono wako wa kulia." Akaenda kuzungumza na muuguzi wa zamu, na jioni hiyo kitanda kikageuzwa. Shangazi alisali akiwa amelala, kwa ishara za macho, kama dini yake inavyomruhusu mgonjwa. Usiku ule alilala hadi alfajiri.

Nimeandika safu hii miaka mingi na sijawahi kuona kazi ndogo yenye faida kubwa kiasi hicho. Kwa hiyo nilimfuata yule mzee nikamwomba anieleze anachokifanya. Ndani ya mfuko wake mlikuwa na rozari, msala uliokunjwa, na daftari lenye namba za simu za maimamu, mapadri na wachungaji wa makanisa mbalimbali, za jamaa wa Bohora na wa Khoja Ithnaasheri, za hekalu la Wahindu, na za wazee wa Mashahidi wa Yehova. "Imani yangu ndiyo inayonileta wodini," aliniambia. "Lakini nikifika kitandani, inayoongoza ni ya mgonjwa."

Kiswahili bado hakijampa mtu huyu jina linalomtosha. Ukimwita kasisi au mchungaji, umeshamtaja Mkristo. Ukimwita shehe, umeshamtaja Muislamu. Wengine husema mhudumu wa kiroho. Jina litakuja. Kwanza tuielewe kazi.

Kwingine kazi hii ni taaluma. Mwaka 1925 mchungaji Mmarekani Anton Boisen aliwapeleka wanafunzi wa theolojia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, Massachusetts. Yeye mwenyewe alikuwa amelazwa hospitali ya namna hiyo miaka michache nyuma, na humo aligundua kwamba madaktari walikuwa wengi ila wa kumsikiliza hakuwapo. Aliwafundisha wanafunzi wake kumsoma mgonjwa kwa makini kama wanavyosoma vitabu vyao. Mafunzo hayo yameenea nchi nyingi, na hapa kwetu KCMC, Moshi, wanayafahamu. Mwanafunzi huandika mazungumzo yake na mgonjwa, neno kwa neno, kisha huyasoma mbele ya wenzake ili waone ni wapi alisikiliza na ni wapi, kwa papara ya kufariji, alimfunga mgonjwa mdomo.

Mwingine ni Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa muuguzi, kisha afisa ustawi wa jamii, kisha daktari. Mwaka 1967 alifungua hospisi ya St Christopher's mjini London. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekaribia kufa yana sehemu nne: ya mwili, ya moyo, ya familia na jamii yake, na ya roho. Ukitibu moja ukaziacha tatu, mgonjwa ataendelea kulia na wewe utaendelea kumwongezea dawa. Fikra hizo zilifika kwetu: Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990, na mwaka 1993 Dk Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa Uganda, ambako mofini ya maji iliwafikia wagonjwa hadi majumbani. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilipoeleza maana ya tiba shufaa, lilitaja mahitaji ya kiroho bega kwa bega na ya mwili.

Nasi tumejitahidi kwa mofini. Kwa roho, tumemwachia yeyote mwenye nafasi siku hiyo.

Nimesikia hoja kwamba kila mtu ana shehe au padri wake, na jamaa zake watamwita. Anayesema hivi hajakaa wodi ya rufaa. Nenda Taasisi ya Saratani Ocean Road ukakutane na waliotoka Kigoma, Songea na Lindi, wanaopigwa mionzi kwa wiki kadhaa, na jamaa aliyekuja nao ni mmoja tu asiyemjua mtu mjini. Imamu wao yuko umbali wa siku nzima ya basi. Na mauti hayasubiri saa za kuona wagonjwa.

Wengine huuliza: serikali haina dini, italipaje mtu wa namna hii? Naomba turudi kwenye Katiba yetu. Ibara ya 19 inasema kazi ya kutangaza na kueneza dini ni huru, na ni jambo la hiari ya mtu binafsi. Neno la kushika hapo ni hiari. Mtu aliyelazwa chali, mwenye dripu mkononi na mpira wa mkojo ubavuni, hawezi kuondoka anapohubiriwa. Kumhubiria bila idhini yake ni kumnyang'anya hiari hiyo. Kumsaidia kusali kwa namna yake ni kumrudishia, na hakuna dini inayoenezwa hapo. Uingereza wamekuwa na wahudumu hawa katika hospitali za umma tangu mfumo wao wa afya uanze mwaka 1948, na leo miongoni mwao wamo Wakristo, Waislamu, Wayahudi, Wahindu, hata wasiofuata dini yoyote.

Kazi hii inahitaji maarifa, nia njema peke yake haitoshi. Mtoto mchanga wa wazazi Wakatoliki anapokata roho saa nane usiku, ni vema awepo anayejua kwamba Kanisa lao linamruhusu mtu yeyote, hata asiyebatizwa, kubatiza kwa dharura, mradi awe na nia inayotakiwa, maji na maneno yake. Na huyo huyo ajue kwamba muuguzi Muislamu aliye zamu asilazimishwe. Atafutwe mwingine, au mama mwenyewe aelekezwe.

Mzee alinisimulia habari ya kijana mmoja wa bodaboda aliyekatwa mguu baada ya ajali. Kwa siku mbili alikataa chakula, na kwenye faili ikaandikwa kwamba mgonjwa hana ushirikiano. Mzee alibisha hodi, akakaa, wakanyamaza pamoja karibu nusu saa. Kisha kijana akauliza: "Mguu wangu wameupeleka wapi?" Hakuna aliyekuwa amemwambia. Kwao kiungo cha mtu huzikwa kwa heshima, si cha kutupwa. Mzee alikwenda hadi chumba cha upasuaji na mochwari, akakuta bado upo, akamwita kaka wa kijana. Ulizikwa siku ile ile, kwenye sanda. Jioni kijana aliomba uji. Afya ya mtu ilikuwa imekwama kwenye swali ambalo halikuwa na nafasi kwenye fomu yoyote.

Sisemi wahubiri wafukuzwe. Wengi wao wanakuja kwa huruma ya kweli, na wapo wagonjwa wanaowangoja kwa hamu. Mgonjwa anayetaka kuwekewa mikono na awekewe, anayetaka kusomewa Yasin na asomewe. Wahenga waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, walianza na neno la mwenyeji. Ni yeye anayesema "njoo". Mgeni aliyejiingiza mwenyewe hakutajwa katika methali ile.

Ninaomba mambo matatu, na yote yanawezekana. La kwanza, kila hospitali ya rufaa iwe na angalau mtu mmoja aliyefunzwa na kulipwa, wa dini yoyote, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kila mgonjwa anapata kilicho chake. Tunaye afisa ustawi wa jamii kwa ajili ya asiye na fedha. Tuwe na mwingine kwa ajili ya asiye na wa kusali naye. La pili, uwekwe utaratibu kwamba hakuna anayekwenda kitandani kwa ajili ya dini bila mgonjwa au anayemuuguza kuridhia.

La tatu halina gharama kabisa. Faili la mgonjwa huwa na mahali pa kuandika dini, tunajaza neno moja na kufunga. Tunaiuliza dini ya mgonjwa tukiwaza maziko yake. Hatuiulizi tukiwaza usiku wake wa leo. Chini ya mstari huo uongezwe mwingine: Ungependa tukuitie nani?

Shangazi alifariki usiku wa Jumatano. Wanawe walikuwa kwenye basi, wamefika Korogwe. Nilikuwa peke yangu naye, Mlutheri asiyejua wajibu wake kwa Muislamu anayeaga dunia. Lakini mzee alikuwa ameniachia kipande cha karatasi chenye namba ya imamu mmoja, na maelekezo mawili: asiachwe bila kukumbushwa shahada, na asishurutishwe kuitamka. Niliweka simu kwenye mto, karibu na sikio lake. Sauti ya imamu ilitoka ya chini na ya upole, kama mtu anayezungumza na mama yake, na midomo ya shangazi ikaanza kusogea.

Wakati huo muuguzi wa usiku, binti wa Kikristo mwenye msalaba mdogo shingoni, alikuja kutazama dripu. Mchana kitanda kilisogezwa kwa ajili ya usafi na hakikuwa kimerudishwa sawa. Alisimama miguuni pake, akatazama upande wa dirisha ambako bahari iko gizani, akaona kilivyokaa vibaya. Shangazi hakuwa na uwezo tena wa kumjibu mgeni. Hata hivyo binti yule hakugusa kitu.

"Hodi, bibi," alisema.

Nikaitikia kwa niaba ya shangazi yangu, "Karibu." Tukashika kitanda yeye huku na mimi kule, tukakigeuza taratibu.