Simu Janja na Hesabu ya Bidhaa Dukani: Kamera Haitoshi Bila Kumbukumbu

Kwa wafanyabiashara wengi wa rejareja, siku ya kuhesabu bidhaa ni siku ya kufunga duka mapema na kuandika daftarini hadi usiku. Hesabu hiyo ndiyo msingi wa kujua faida, kodi inayostahili kulipwa na upungufu, ambao lawama yake humwangukia muuzaji. Teknolojia ya uhalisia ulioboreshwa kupitia simu janja inakuja kupunguza adha hiyo.

Kifaa cha kawaida husoma msimbomilia, yaani mistari myeusi iliyochapwa kwenye bidhaa, mmoja baada ya mwingine. Programu za uhalisia ulioboreshwa hutumia kamera ya simu kusoma misimbomilia mingi kwa mkupuo, kisha huweka alama za rangi juu ya picha ya rafu inayoonekana kwenye kioo. Mhesabuji akisogea, alama hubaki juu ya bidhaa husika, hivyo huona kilichokwisha kuhesabiwa na kilichosalia.

Hata hivyo, kamera huhesabu kinachoonekana tu. Katoni iliyo nyuma ya nyingine haimo katika hesabu mpaka isogezwe. Mchele, maharage na sukari ya kupima kwa kilo havina msimbomilia. Aidha, msimbomilia wa kawaida wa tarakimu 13 hutambulisha aina ya bidhaa, lakini haubebi tarehe ya mwisho wa matumizi. Taarifa hiyo huweza kubebwa na misimbo ya miraba, kama ile ya GS1 DataMatrix inayotumika kwenye dawa. Duka lisiloingiza tarehe hizo katika mfumo wake halitaonywa na simu.

Nchini Tanzania, mashine za kielektroniki za kutolea risiti (EFD), zilizoanza kutumika mwaka 2010, huonesha kilichouzwa, si kilichobaki rafuni. Kwa wazalishaji wa ndani, taasisi ya GS1 Tanzania hutoa namba za misimbomilia zinazoanza na 620. Bidhaa isiyo na namba haiwezi kusomwa kwa njia hii, hata simu iwe ya kisasa kiasi gani.

Lipo pia suala la faragha. Kamera inayopita dukani inaweza kunasa sura za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda.

Kwa mwenye duka, hatua ya busara ni kuanza na rafu moja: ihesabiwe kwa mkono na kwa simu, kisha matokeo yalinganishwe na kumbukumbu za manunuzi na mauzo. Tofauti ikijitokeza, bidhaa zihesabiwe upya kabla ya mfanyakazi yeyote kutakiwa kuilipia.