Laptopu Mpya, Betri Imezeeka

Wauzaji, mnatubeba ufala. Laptopu "mpya" inazima kwa saa moja, alafu mnatuambia tupunguze mwanga wa skrini? Zii. Mwanga hauzeeshi betri.

Msee, kabla utoe doo, fungua Command Prompt kwa Windows, andika powercfg /batteryreport. Itakuonyesha faili ya ripoti iko wapi, ifungue. Design Capacity ni uwezo wa betri ikitoka kiwandani, Full Charge Capacity ni uwezo wake sasa. Ukiona 50,000 mWh kwa 30,000, hiyo ni mtumba imepanguswa vumbi.

Mtumba si dhambi, wengi wetu ndio tunamudu. Dhambi ni kuiuza kwa bei ya mpya. Muuzaji akikataa upime, shika doo yako na uende.