Yale meno si ya babu

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi ilinibana. Leo nimerudi na donge rohoni, acha nilitoe kabla sijalala.

Juzi binamu yangu alituma video katika kundi la WhatsApp la familia. Babu yetu, aliyefariki 1984 kabla sijazaliwa, anageuza kichwa, anapepesa macho, kisha anatabasamu. Picha yenyewe naijua. Ilipigwa studio Kisumu mwaka 1961, nyeusi na nyeupe, kona moja imeliwa na mende. Kwa dakika kumi kundi lilijaa mioyo na machozi. Mimi pia nilishtuka, sitawadanganya. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona babu akisogea.

Kisha shangazi akamwonyesha Dani, ndivyo tunavyomwita nyanya nyumbani. Ana miaka 88 na macho yake bado makali. Akaitazama simu mara mbili, akauliza: "Huyu mzee ni wa wapi? Anafanana na babu yenu. Lakini haya meno ya chini ameyatoa wapi?"

Kwa wasiojua: zamani Wajaluo waling'olewa meno sita ya mbele ya taya la chini walipofikia umri wa utu uzima. Babu aliishi na pengo hilo hadi kaburini. Kwenye picha amefunga mdomo. Programu ikaufungua, ikamjazia meno meupe kama ya tangazo la dawa ya meno.

Sasa tusikilizane. Watu wanadhani tarakilishi imechungulia ndani ya picha ikaona jinsi mtu alivyokuwa akicheka. Haijaona kitu. Mambo haya yalivuma Februari 2021, kampuni ya MyHeritage ilipotoa Deep Nostalgia kwa teknolojia ya D-ID ya Tel Aviv. Kinachofanyika ni hiki: kuna video zilizorekodiwa tayari, za watu halisi wakigeuza shingo na kupepesa macho. Programu inatafuta macho, pua na mdomo kwenye picha yako, kisha inavivuta vifuate mwendo wa yule mtu wa kwenye video. Pale ambapo picha haina habari, kama ndani ya mdomo au nyuma ya sikio, inabahatisha kutokana na nyuso ilizofunzwa nazo. Mwendo ni wa mgeni. Meno ni ya wastani wa wageni wengi.

Msiniamini mimi. Tangu 2019 kuna msimbo huria uitwao First Order Motion Model, yeyote anaweza kuupakua. Niliupakua, nikajirekodi na kamera ya laptopu, nikaiambia iendeshe picha ya babu kwa uso wangu. Babu akainua nyusi ya kulia vilevile ninavyoinua mimi nikikuta mtu ameandika nywila ndani ya msimbo. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Ningeweza kumtumia binamu video ile na angelia vilevile. Nimeifuta.

"Lakini kuna ubaya gani, ni mchezo tu!" Najua mtaniandikia hivyo. Sawa, ungebaki mchezo nisingepoteza usiku wangu. Tayari shangazi anataka video ionyeshwe kwenye ibada ya kumbukumbu. Wapwa zangu wawili ambao hawajawahi kushika ile picha wanaijua video peke yake, na ikishatumwa kundi hadi kundi hakuna atakayekumbuka ilitoka wapi. Miaka ishirini ijayo mtoto atasema babu wa babu yake alikuwa na meno yote, na ushahidi anao mkononi. Mama aliyefiwa akipata faraja kwa kumwona mwanawe akipepesa macho, mimi ni nani nimkataze? Ninagombana na sisi tunaojua mashine inavyofanya kazi na bado tunaitumia kama albamu.

Tena haitaishia kwenye tabasamu. Deep Nostalgia ilipotoka, wenyewe walisema wameacha sauti kwa makusudi, ili isitumiwe vibaya. Mwaka 2022 wakatoa LiveStory, na picha zikaanza kuzungumza. Ukuta ulidumu mwaka mmoja hivi! Babu hakujua Kiingereza zaidi ya salamu. Nasubiri siku atakayotuhutubia kwa lafudhi ya California.

Na kabla hujapakia albamu nzima ya ukoo kwenye seva za watu, kumbuka kampuni hiyohiyo ya MyHeritage ilitangaza mwaka 2018 kwamba barua pepe za watumiaji zaidi ya milioni 92 zilivuja, pamoja na nywila zilizofichwa kwa heshi. Sheria ya data ya Ulaya, GDPR, inasema kwenye utangulizi wake kwamba haiwahusu marehemu. Babu hana wakili.

Turudi kwa Dani. Jumapili nilimpelekea picha yenyewe, ile ya karatasi. Aliishika kimya kwa muda, kisha akaanza kucheka. Akasema lile koti si la babu, lilikuwa la studio, likining'inia kwenye msumari na kila mwanamume akipigwa picha nalo. Mikono ilimzidi urefu, ndiyo maana picha imekatwa kifuani. Na babu alifunga mdomo kwa sababu mpiga picha alimwambia pengo litatoa kivuli. Akaudhika, akakataa kulipia nakala ya pili. Ndiyo maana iko moja tu.

Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza. Binamu alitumia sekunde thelathini na programu ya simu. Mimi niliyetengeneza mifumo ya kuhifadhi kumbukumbu za wateja sikuwa nimerekodi hata dakika moja ya sauti ya nyanya yangu. Hapo ndipo donge lilipo, kama mlikuwa mnajiuliza.

Jumamosi narudi na skana. Nitaskani kwa dpi 600, faili za TIFF, nakala tatu, moja ikae kwa shangazi. Nyuma ya kila picha tutaandika majina kwa penseli laini, si kalamu ya wino, wino unapenya. Simu itakuwa mezani ikirekodi. Binamu amekubali kuja, ingawa bado amenuna. Dani ameshatuma ujumbe kwamba chini ya kitanda kuna sanduku la pili, na funguo zake anazo yeye.